Ukimya wa Mabaharia wa Voyager: Kati ya Utii na Uasi

Tarehe 6 Mei 1996 televisheni ya Marekani ilionyesha kwa mara ya kwanza sehemu ya tamthilia ya Star Trek: Voyager iitwayo "Tuvix". Tangu siku hiyo watazamaji hawajaafikiana juu ya alichokifanya Nahodha Kathryn Janeway. Wapo wanaomwita muuaji, na wapo wanaosema aliwaokoa watu wawili waliokuwa chini ya dhamana yake. Ubishi huo haukufa: mwaka 2023, miaka 27 baadaye, tamthilia ya katuni ya Star Trek: Lower Decks iliurudia mkasa huohuo katika sehemu nzima. Lakini katika kumjadili nahodha, jambo jingine hutajwa kwa kupita tu. Mtu asiye na kosa alisimama mbele ya wenzake aliofanya nao kazi na kuwapikia chakula, akaomba asiuawe, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Ukimya huo unastahili uchambuzi wake wenyewe, kwa sababu unatuhusu zaidi kuliko uamuzi wa nahodha. Ni wachache watakaowahi kushika uhai wa mtu mkononi na kuambiwa waamue. Walio wengi watajikuta wakati fulani chumba kimoja na mkubwa anayetoa amri inayowatia shaka, huku kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Wanaojadili suala hili huchanganya maswali matatu yanayopaswa kutenganishwa: je, uamuzi wa nahodha ulikuwa sahihi? Je, kunyamaza kwa mabaharia kulikuwa kuukubali? Na je, walikuwa na la kufanya zaidi ya kunyamaza au kuasi? Lengo hapa ni swali la pili na la tatu. La kwanza litaguswa pale tu linapohitajika.

## Jinsi mgogoro ulivyozaliwa

Voyager ilianza kuonyeshwa Januari 1995. Ni kisa cha chombo cha anga kilichotupwa upande wa mbali wa galaksi, takriban miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, umbali ambao ungechukua miaka 75 kuumaliza. Ndani ya chombo hicho wamebanwa pamoja watu wa makundi mawili yaliyokuwa yakiwindana: maofisa wa Starfleet, yaani jeshi la anga la Shirikisho la Sayari, na wapiganaji wa Maquis walioliasi Shirikisho hilo. Kiongozi wa Maquis, Chakotay, ndiye aliyefanywa msaidizi mkuu wa Janeway. Hakuna makao makuu ya kuulizwa, hakuna mahakama ya rufaa, wala bandari ya kumshushia asiyeridhika.

Katika "Tuvix", ofisa wa usalama Tuvok, mtu wa mantiki asiyeonyesha hisia, na Neelix, mpishi mchangamfu, wanatumwa kwenye sayari kukusanya mimea. Wanaporudishwa chomboni kwa mtambo wa kusafirishia watu, vimeng'enya vya okidi waliyoichuma vinawaunganisha na kuwafanya kiumbe mmoja. Anayetokea ana kumbukumbu za wote wawili, lakini ana nafsi yake mwenyewe na jina alilojipa, Tuvix. Mwanzoni haikupatikana njia ya kumtenganisha. Wiki zikapita, naye akashika kazi zote mbili, ya ulinzi na ya jikoni, akazimudu na kupata marafiki. Ndipo Daktari wa chombo akagundua tiba ya kuwarudisha wale wawili. Tuvix akaikataa, kwa kuwa kurudi kwao kungekuwa mwisho wake.

Janeway alizungumza faraghani na Chakotay. Alimsikiliza pia Kes, mpenzi wa Neelix, aliyekiri kwa machozi kwamba anamtaka Neelix wake arudi. Kisha akaamua. Kinachofuata kwenye chumba cha usukani ndicho kiini cha mjadala wetu. Tuvix anagoma kwenda. Anawageukia waliopo, Chakotay na rubani Paris miongoni mwao, akiuliza kama kweli hakuna atakayelizuia jambo hili. Kamera inahama kutoka uso hadi uso. Wapo wanaotazama pembeni na wapo wanaotazama tu. Walinzi wanaitwa. Kabla ya kuondoka Tuvix anawaambia kwamba kila mmoja wao itambidi aishi na jambo hili, halafu anawasamehe. Katika chumba cha matibabu, Daktari, ambaye ni hologramu tu, anakataa kuendesha mtambo, kwa sababu kiapo cha utabibu hakimruhusu kuutoa uhai wa mtu asiyetaka kufa. Nahodha anaifanya kazi hiyo kwa mkono wake. Tuvok na Neelix wanarudi, na sehemu inaishia kwa Janeway akitoka peke yake, uso umemkaza.

## Msimamo wa kwanza: nidhamu ya chombo

Watetezi wa mabaharia huanza na nidhamu, na hoja yao ina uzito. Nahodha ana mamlaka halali. Chombo kilichopotea mbali kiasi hicho hakiwezi kuendeshwa kwa kura ya kila mwenye kinyongo, na Voyager ilikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa mgawanyiko. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, Janeway alipoamua kuharibu mtambo pekee ambao ungewarudisha nyumbani, B'Elanna Torres, mmoja wa Maquis, alihoji ni nani huyu anayewaamulia wote. Chakotay akamjibu kwamba ndiye nahodha. Jibu hilo fupi ndilo mkataba ulioyafanya makundi mawili yaishi pamoja. Sehemu ya mwaka 1997 iitwayo "Worst Case Scenario" inafichua kwamba Tuvok mwenyewe alikuwa ametayarisha programu ya mafunzo kuhusu namna ya kuukabili uasi wa Maquis. Hofu ya chombo kuvunjika vipande viwili ilikuwa ya kweli, na mabaharia wote waliijua.

Kuna sababu ya pili inayotolewa upande huu. Tuvix alikuwepo na aliweza kujitetea, ilhali Tuvok na Neelix hawakuweza kusema neno. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na Janeway alijipa kazi ya kuhakikisha kwamba msemo huo hautimii juu ya watu wake wawili. Tuvok alikuwa na mke na watoto waliomngoja. Kwa mtazamo huu, baharia aliyenyamaza hakuwa mwoga: alikuwa amepima na kuona kwamba kumsemea aliye mbele yake ni kuwanyima sauti wawili wasioonekana.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unathibitisha kidogo kuliko unavyodai. Nidhamu inaeleza kwa nini hakuna aliyeinua mkono kumzuia nahodha. Haielezi kwa nini hakuna aliyeinua sauti kumuuliza. Katika jeshi lolote lenye utaratibu, ofisa msaidizi ana wajibu wa kumweleza mkubwa wake mashaka yake, na mkubwa hubaki na haki ya kuamua. Aidha, kama mabaharia waliwapima Tuvok na Neelix na kuona haki iko kwao, basi walikuwa na jibu la kumpa Tuvix. Mtu anayeamini kwamba mwenzake ni lazima afe kwa ajili ya haki ana deni la kumwambia hivyo usoni.

## Msimamo wa pili: kunyamaza ni kushiriki

Upande wa pili unasema kwamba waliosimama pale walikuwa washiriki. Nguvu yake kubwa iko katika tukio lenyewe. Tuvix hakulia kwa jumla tu, aliwaelekea watu kwa nyuso zao. Ombi la namna hiyo halimwachi anayeombwa akiwa mpita njia. Halafu yupo Daktari. Kiumbe ambaye hata haki zake mwenyewe chomboni zilikuwa bado na utata ndiye pekee aliyesema hapana, tena bila matusi wala silaha, na hakuadhibiwa. Mfano wake unaondoa kisingizio kwamba kukataa kulikuwa hatari isiyobebeka.

Msimamo huu pia unaona jambo ambalo wa kwanza unalipita. Wote waliokuwa pale walinufaika na uamuzi. Walikuwa wamepoteza marafiki wawili, na uamuzi uliahidi kuwarudisha. Kes alikuwa mkweli kuliko wengine, kwa sababu alikiri anachokitaka. Wengine walikaa kama mashahidi wasio na upande, kumbe walikuwa na upande. Mtu mwenye faida katika hukumu anapokaa kimya, kimya chake hakiwezi kusomwa kama cha asiyehusika.

Lakini msimamo huu nao unateleza mahali pawili. Kwanza, unawahukumu wote kwa kipimo kimoja. Chakotay, msaidizi mkuu aliyekuwa na mlango wa nahodha wazi saa zote, hawezi kuwekwa kapu moja na baharia wa cheo cha chini aliyeitwa tu kushika zamu. Pili, unadhani kwamba dawa pekee ya ukimya ilikuwa kumzuia nahodha kwa nguvu. Kwa kudhani hivyo, unaafikiana na watetezi wa nidhamu bila kujua. Pande zote mbili zinaona milango miwili tu, utii kamili au uasi, na zinatofautiana tu juu ya mlango upi ulipaswa kuingiwa.

## Msimamo wa tatu: ni ukimya wa waandishi

Wapo wanaokata shauri kwa njia fupi zaidi: mabaharia walinyamaza kwa sababu mswada uliwanyamazisha. Tim Russ na Ethan Phillips, walioigiza Tuvok na Neelix, walikuwa waigizaji wa kudumu. Tom Wright, aliyeigiza Tuvix, alikuwa mgeni wa sehemu moja. Televisheni ya miaka ya 1990 ilipenda kila sehemu ijitegemee, na mambo yarudi yalivyokuwa kabla ya wiki inayofuata. Ndani ya takriban dakika 45 hapakuwa na nafasi ya kila mhusika kutoa hotuba, na baada ya sehemu hiyo kuisha ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite: Tuvok na Neelix waliendelea na maisha yao bila suala hilo kurudi kuwatesa.

Maelezo haya ni ya kweli kuhusu biashara ya televisheni, ila hayatoshi kuhusu maana. Mwandishi wa mswada, Kenneth Biller, angeweza kumfanya Tuvix ajitoe mhanga kwa hiari yake, au afe kwa ajali, na Tuvok na Neelix wangerudi vilevile bila doa kwa yeyote. Hakufanya hivyo. Alimwandikia Daktari maneno ya kukataa, na hivyo akawapa watazamaji kipimo cha kuwapimia wengine. Mwongozaji Cliff Bole naye alituonyesha nyuso za wanaonyamaza badala ya kuzificha. Ukimya ulioangaziwa kwa makusudi namna hiyo ni sehemu ya kazi ya sanaa, na mtazamaji ana haki ya kuuliza unasema nini.

## Kwa nini watu wema hunyamaza

Kabla ya kupima lawama, inafaa kutazama sababu, kwa kuwa kinachoonekana katika "Tuvix" kimechunguzwa katika maisha halisi. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram alianza majaribio ambamo watu wa kawaida waliamriwa kumpiga mtu mwingine shoti za umeme, walizoamini ni za kweli, kila alipokosea jibu. Katika mojawapo ya majaribio ya awali, 26 kati ya 40 walifika mwisho wa kipimo, volti 450, kwa sababu tu mtu mwenye mamlaka aliwataka waendelee. Matokeo hayo yanajulikana sana. Yasiyotajwa mara nyingi ndiyo yanayotuhusu zaidi: Milgram alipowaweka karibu na mshiriki watu wawili waliokataa kuendelea, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Utii ule haukuwa jiwe. Sauti mbili zilitosha kuwarudishia wengi dhamiri zao.

Mfano wa pili unatoka kwenye urubani. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Kanari, na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM ilipokuwa tayari inashika kasi katika ukungu, mhandisi wake aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mmoja wa marubani walioheshimika kuliko wote katika shirika hilo, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ajali hiyo na nyingine za miaka ile zilichangia kuzaliwa kwa mafunzo ambayo sasa yameenea katika mashirika ya ndege, yanayomfundisha rubani msaidizi kurudia swali lake na kumfundisha rubani mkuu kulikaribisha. Urubani haukuchagua kati ya utii na uasi. Ulijenga ngazi katikati.

Mambo matatu yanajitokeza katika mifano hii, na yote yalikuwepo kwenye chumba cha usukani cha Voyager. Kwanza, kila mmoja husoma uso wa mwenzake, na kwa kuwa wote wamenyamaza, kila mmoja hudhani ni yeye pekee mwenye shaka. Pili, amri hufika ikiwa imeshakamilika, na kuipinga huonekana kama kumpinga mtu badala ya kupinga jambo. Tatu, hakuna njia inayojulikana ya kusema "ngoja kwanza" bila kuonekana mwasi. Sababu hizi zinapunguza lawama kwa baharia mmoja mmoja. Haziifuti, na zinaielekeza sehemu yake kubwa kwa yule mwenye uwezo wa kuweka njia hiyo.

## Mizani: wajibu na uwezo

Sheria imekuwa na kipimo cha ukimya tangu kale. Majalla, mkusanyo wa sheria za madai wa Dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876, unasema katika kifungu chake cha 67 kwamba aliyenyamaza habandikwi kauli, ila kunyamaza mahali panapohitaji kusema huhesabiwa kuwa ni kauli. Kanuni ya Kilatini isemayo kwamba anayenyamaza huhesabiwa amekubali nayo, ikitajwa kwa ukamilifu, ina sharti: awe alipaswa kusema na aliweza kusema. Kwa hiyo swali letu linagawanyika mara mbili, wajibu na uwezo, na tamthilia yenyewe inatupa ushahidi wa yote mawili.

Kuhusu uwezo, ushahidi ni mzito. Katika sehemu ya mwaka 1995 iitwayo "Prime Factors", Torres na wenzake walikwenda kinyume cha nahodha ili wapate teknolojia ambayo ingewafikisha nyumbani haraka. Tuvok mwenyewe, mtu wa sheria kuliko wote, ndiye aliyekwenda kuifanya biashara hiyo. Janeway aliwakaripia, nao wakaendelea na kazi. Katika "Alliances" ya Januari 1996, mabaharia walilalamika waziwazi kuhusu mwenendo wa chombo baada ya wenzao kufa, na Chakotay akapeleka hoja yao kwa nahodha, akasikilizwa. Watu hawa walijua kusema. Walisema ilipohusu safari yao na usalama wao. Ilipohusu uhai wa mwingine, na uhai huo ukiwa kikwazo cha kuwarudisha rafiki zao, sauti zikakauka. Hapo ndipo lawama inapouma.

Kuhusu wajibu, ushahidi mzito zaidi uko miezi mitatu tu nyuma, katika sehemu ya Februari 1996 iitwayo "Death Wish". Kiumbe wa jamii ya Q, asiyekufa, aliomba hifadhi Voyager ili aruhusiwe kufa. Janeway hakuamua faraghani. Aliitisha kikao, akasikiliza pande zote mbili na mashahidi, na mwombaji akapewa mtetezi, ambaye alikuwa Tuvok. Chombo kilekile, nahodha yuleyule, msimu uleule wa tamthilia. Aliyeomba kufa alisikilizwa kwa utaratibu wa haki. Aliyeomba kuishi alipewa mazungumzo ya ofisini na walinzi. Hata katika Star Trek: The Next Generation, mwaka 1989, ilipoulizwa kama Data, mashine yenye umbo la binadamu, ni mali au ni nafsi, kikao cha kisheria kiliitishwa, na ofisa mwenzake Riker akalazimika kusimama dhidi ya rafiki yake ili hoja ya upande wa pili isikose mtu wa kuitoa.

Kutokana na hayo, hitimisho linajengeka. Kati ya kutii kimya na kuasi kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni kuuliza: kudai sababu zitajwe na kikao kiitishwe. Ya pili ni kukataa kushiriki kwa mkono wako, kama alivyofanya Daktari. Ya tatu ni kuzuia kwa nguvu. Mabaharia hawakuwa na deni la ngazi ya tatu, kwa kuwa mgogoro wenyewe ulikuwa mgumu kiasi kwamba mtu mwadilifu angeweza kuwa upande wa Janeway. Ngazi ya pili iliwahusu walioamriwa kumshika Tuvix na kumpeleka. Lakini ngazi ya kwanza ilimhusu kila ofisa mwandamizi, na Chakotay kuliko wote. Ombi la kwamba asikilizwe kama alivyosikilizwa yule wa Februari lisingekivunja chombo. Ukimya wa baharia mdogo unaweza kusameheka. Ukimya wa aliyeijua njia na kuwa na cheo cha kuifungua ulikuwa kauli, nayo ilisema kwamba Tuvix si mwenzetu kiasi cha kustahili utaratibu wetu.

## Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba kusema kusingebadilisha kitu. Daktari alisema, na Tuvix akafa vilevile. Ni kweli kwamba sauti moja haikutosha, na majaribio ya Milgram yanaonyesha kwa nini: anayekataa peke yake huokoa mkono wake, wanaokataa pamoja huibadilisha hali ya chumba. Daktari alikataa baada ya wengine wote kukaa kimya. Laiti Chakotay angeuliza kwanza, kukataa kwa Daktari kungekuwa sauti ya pili, na nahodha angekuwa amebanwa kutoa sababu. Hata kama angeshikilia uamuzi wake, Tuvix angekufa akiwa amesikilizwa.

Pingamizi la pili ni la dharura: vyombo vya anga haviendeshwi kwa vikao. Lakini hapakuwa na dharura. Chombo hakikuwa vitani, Tuvix hakuwa akiugua, na tiba ilishapatikana. Siku mbili au tatu za kusikilizana zisingemgharimu yeyote isipokuwa utulivu wa wasiotaka kusikia. Kinyume chake, kadiri siku zilivyopita ndivyo urafiki wake na mabaharia ulivyokua na ndivyo ilivyokuwa vigumu kumtoa. Haraka ile ilimlinda nahodha na uchungu. Haikumlinda mtu yeyote na hatari.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kama Janeway alikuwa sahihi, ukimya ulidhuru nini? Maisha mawili dhidi ya moja, wawili wenye ndoa na mapenzi na ahadi dhidi ya mmoja wa wiki chache. Jibu ni kwamba uamuzi sahihi uliofikiwa bila kuhojiwa hauna namna ya kujulikana kuwa ni sahihi, hata na mwenye kuutoa. Na gharama haikuishia kwa Tuvix. Janeway alibeba peke yake mzigo ambao maofisa wake walipaswa kuubeba naye. Ukimya uliokusudiwa kumheshimu ulimtelekeza. Wanaomwita muuaji na wanaomwita shujaa wanakubaliana katika jambo moja: wanamwona yeye tu. Wenzake walimwachia nafasi hiyo kwa kujificha nyuma yake.

## Kwa muhtasari

Watetezi wa nidhamu wana haki kusema kwamba chombo kilichopotea hakiwezi kuendeshwa bila utii, na kwamba Tuvok na Neelix nao walistahili msemaji. Wanakosea wanapodhani kwamba utii unadai kufunga mdomo. Wanaowalaumu mabaharia wana haki kusema kwamba ombi la Tuvix liliwagusa binafsi na kwamba mfano wa Daktari unawahukumu. Wanakosea wanapowahesabu wote sawa na kudai uasi. Wanaotaja mkono wa waandishi wanaeleza vizuri kwa nini Tuvok na Neelix ilibidi warudi, ila hawaelezi kwa nini tulionyeshwa nyuso zile.

Ukimya hupimwa kwa wajibu na uwezo wa kila aliyekuwepo, na kwa kipimo hicho lawama ya mabaharia wa Voyager inapanda na vyeo vyao hadi kumfikia nahodha mwenyewe, aliyekuwa na utaratibu wa kikao mkononi na hakuutumia. Walichodaiwa kilikuwa kidogo: swali moja, kutoka kwa mtu mwenye cheo, kabla ya walinzi kuitwa. Taasisi yoyote inayotaka watu wake waseme siku ya jambo zito inapaswa kuliandaa swali hilo mapema, ilipe mahali, ilipe mtu wa kuliuliza, na imhakikishie kwamba kuuliza si kuasi. Dhamiri ya mtu mmoja mmoja ni ya thamani, lakini ikiachwa peke yake mbele ya mamlaka, mara nyingi hungoja mwenzake aanze.